Namba Moja Kiooni

Mwaka 1999 Toyota walipoitoa Vitz ya kwanza, waliiondoa spidomita mbele ya usukani wakaipeleka katikati ya dashibodi, juu, karibu na kioo cha mbele. IST ya mwaka 2002 ikafuata mtindo huohuo. Faida ya kiwandani iko wazi: dashibodi yenye spidomita katikati hutumika kwenye gari la usukani wa kulia na la usukani wa kushoto bila kubuniwa upya. Lakini ilikuwapo hoja ya pili, ya macho. Spidomita iliyo mbali kidogo na dereva, na iliyoinuliwa kidogo, hailishushi jicho hadi magotini wala hailichoshi kwa kujirekebisha kila mara kati ya barabara na namba. Magari hayo ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu Tanzania leo, na wengi wanaoyaendesha hawaijui hoja hiyo. Wanachojua ni kwamba wakitaka kusoma mwendo inabidi watupe jicho kushoto, kuelekea kwa abiria, na aliyetoka kwenye Corolla au Probox huona kama amepewa gari la mtu mwingine. Basi kile kifaa kidogo kinachouzwa Kariakoo na mitandaoni, kinachokaa juu ya dashibodi na kuurusha mwendo kwenye kioo cha mbele, kimepata wateja wake hapohapo. Wauzaji hukiita HUD. Nimekaa nacho muda wa kutosha kuwa na msimamo juu yake: kinafaa, ila kwa sababu tofauti na ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwenye boksi utasoma, kwa maneno haya au yale, kwamba dereva hataondoa tena macho barabarani. Tuwape wauzaji haki yao kwanza. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Jicho likishuka kwenye spidomita na kurudi kwa nusu sekunde tu, gari limeshakwenda mita 11 bila mtu wa kulitazamia njia. Hilo ni kweli. Kasoro iko kwenye dawa inayotolewa. Kifaa cha dukani ni vitaa vilivyolala juu ya dashibodi. Mwanga wake unagonga kioo, au kipande cha nailoni inayong'aa kilichobandikwa kwenye kioo, kisha unamrudia dereva. Kwa kanuni ya kioo chochote, namba huonekana nje ya kioo kwa umbali uleule ambao kifaa kimekaa ndani. Kikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kioo, namba itaonekana imening'inia sentimita 20 nje yake, yaani kama mita moja kutoka kwenye jicho. Barabara inayotakiwa kutazamwa iko mita 50, mita 100 mbele. Jicho bado lina kazi ya kujirekebisha. Magari yaliyotoka kiwandani na teknolojia hii, tangu Oldsmobile Cutlass Supreme ya mwaka 1988 kule Marekani, yana lenzi au vioo vilivyopinda ndani ya dashibodi vinavyoisukuma namba mbele hadi mita mbili na zaidi, na mengi ya siku hizi yana kioo cha mbele ambacho utando wake wa ndani ni mnene juu na mwembamba chini ili namba isionekane mbili mbili. Cha dukani hakina hayo. Kinampunguzia dereva safari ya jicho kwenda chini, na kwa mtu aliyevuka miaka 45, ambaye ameanza kusogeza gazeti mbali ili alisome, mita moja ni afadhali kuliko sentimita 70. Faida ipo, lakini ni ndogo, na mwenye Vitz sehemu kubwa yake alishapewa bure na kiwanda.

Faida kubwa iko mahali pengine, nayo inahusu kosa ambalo mwili wa binadamu hulifanya bila kujijua. Binadamu hana kiungo cha kupimia mwendo. Anaukisia: kwa jinsi miti inavyopita pembeni, kwa mlio wa injini, kwa upepo dirishani, kwa mtetemo wa kiti. Makisio hayo huzoea haraka. Mtu akienda kwa kasi kwa nusu saa, ubongo unaichukua kasi hiyo kuwa ndiyo hali ya kawaida, na akipunguza anaona amepunguza sana kuliko alivyopunguza kweli. Uingereza walilishughulikia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kazi ya mtafiti aliyeitwa Denton: madereva waliotoka kwenye barabara kuu walikuwa wanafika kwenye mizunguko kwa kasi kubwa huku wao wenyewe wakijiona wanakwenda polepole. Dawa yao ikawa mistari ya njano iliyochorwa kukatiza barabara, ikikaribiana kadiri mzunguko unavyokaribia, ili jicho lidanganywe upande wa pili na mguu ulegee. Rasta tunazozifahamu kwenye barabara zetu zina undugu na mistari hiyo. Tofauti ni kwamba zetu huongea na kiuno na springi kabla ya jicho.

Chukua barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Ukishatoka Kibaha mambo yanakuwa hivi: kipande cha wazi, kisha kibao cha 50, nyumba, shule, kituo cha mabasi, wauza matunda, kibao cha kumaliza 50, kipande cha wazi tena. Mlandizi, Chalinze, Mdaula, Mikese, na katikati yake vijiji ambavyo msafiri havijui majina. Kila kijiji ni mtihani uleule wa kutoka kasi moja kwenda nyingine, na mtihani huo unafanywa na mtu ambaye ubongo wake umeshazoea 90 au 100. Anaachia mafuta, injini inanyamaza, miti inapita taratibu, anajihisi yuko 45. Yuko 60. Hana nia mbaya, wala haharakishi kwenda popote. Anaamini kabisa kwamba ametii kibao. Na gari dogo lina tabia yake hapa. Injini ya sentimita za ujazo 1300 hupiga kelele nyingi kwenye 100, na ikishuka hadi 60 ukimya wake unashawishi kuliko ukimya wa gari kubwa ambalo halikuwa na kelele tangu mwanzo. Gia za otomatiki zinaongeza utulivu huo, kwa sababu hakuna mkono ulioshusha gia kumkumbusha mtu alipo.

Kuna watakaosema tofauti ya 50 na 60 ni ya kubishania na trafiki, haina maana nyingine. Hesabu ya breki inakataa. Tuseme barabara ni lami kavu, matairi ni mazima, na dereva anachukua sekunde moja tangu kumwona mtoto hadi kukanyaga breki. Anayekwenda 50 atatumia karibu mita 14 kabla hajagusa breki na mita nyingine 14 kusimama, jumla mita 28. Anayekwenda 60 atatumia karibu mita 17 kabla ya breki, na akifika mita ile ya 28, mahali ambapo mwenzake amesimama kabisa, yeye bado anakwenda kama kilomita 40 kwa saa. Mtoto huyohuyo, barabara hiyohiyo, magari mawili ya aina moja. Mbele ya mmoja mtoto anavuka, mbele ya mwingine anagongwa na gari linalokwenda 40. Tofauti ya kilomita kumi haigawanyiki sawasawa njiani, kwa sababu nguvu iliyomo kwenye gari hukua kwa mraba wa mwendo, na breki hula mwendo mwingi mwishoni kuliko mwanzoni.

Sasa utauliza: spidomita si ipo? Ipo, na ni nzuri. Lakini spidomita ni chombo cha kuulizwa. Huitazama mtu aliyekwisha kujitilia shaka. Dereva aliyezoea kasi hana shaka yoyote, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Hisia iliyomdanganya juu ya mwendo ndiyo hiyohiyo inayomwambia hakuna haja ya kuangalia. Namba iliyoko kiooni haisubiri kuulizwa. Inakaa pembeni mwa kile anachokitazama, na inapoonyesha 63 wakati mwili unasema 45, ugomvi kati ya viwili hivyo unatokea bila dereva kuuanzisha. Hapa ndipo ninapoweka uzito wangu wote. Kifaa hiki kinunuliwe ili kirekebishe hisia, na kila uamuzi wa kukifunga, kuanzia kisome mwendo kutoka wapi, kikae wapi, kiwake kiasi gani, hadi kionyeshe namba ngapi, upimwe kwa kazi hiyo moja.

Tuanze na swali la kisome mwendo kutoka wapi, kwa sababu limejaa mambo kuliko watu wanavyodhani. Mwendo wa gari lako unaweza kutajwa kwa sauti tatu zisizokubaliana. Ya kwanza ni spidomita. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, ambayo watengenezaji wengi duniani huifuata, inakataza spidomita kuonyesha mwendo ulio chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu kuzidisha: asilimia kumi ya mwendo halisi, na kilomita nne juu yake. Kwa hiyo spidomita ikionyesha 50, gari linaweza kuwa linakwenda 50 kweli, na linaweza kuwa linakwenda 42. Ikionyesha 80, inawezekana ni 69. Mtengenezaji huegemea upande wa kuzidisha ili kutofautiana kwa matairi kusimwingize hatiani. Sauti ya pili ni kompyuta ya injini, inayosomwa kupitia lile tundu la pini 16 chini ya usukani ambalo mafundi hulitumia kupima gari. Kompyuta hiyo huutaja mwendo kwa namba kamili za kilomita, kuanzia 0 hadi 255, na mara nyingi namba yake iko karibu na ukweli kuliko ya spidomita, kwa sababu haijaongezwa chumvi. Sauti ya tatu ni setilaiti. Kipokezi cha GPS hakihitaji kujua matairi wala gia. Kinapima jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika kutokana na mwendo wa gari, na gari likienda kwa mwendo usiobadilika chini ya anga wazi, kosa lake ni dogo mno. Udhaifu wake ni kuchelewa: ukikanyaga breki ghafla, namba hukufuata nyuma kwa muda kama wa sekunde moja, na asubuhi ukiwasha gari itabidi kisubiri kwanza kuziona setilaiti. Kati ya maghorofa ya Kariakoo hubabaika, lakini Kariakoo nani anakwenda 50?

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na sidhani kama wanalijua. Mtu aliyezoea kuishika IST yake kwenye 80 ya mshale, huenda miaka yote alikuwa anakwenda 74. Akibandika kifaa cha GPS akaona 74, atakanyaga hadi ifike 80. Ameongeza mwendo halisi huku akijiona amekuwa mtiifu zaidi. Chombo kinachosema kweli kimemnyang'anya akiba aliyowekewa na watu wa kiwandani bila yeye kujua. Hili ni pingamizi zito kuliko yote ninayoyajua dhidi ya kifaa hiki, na silipiti kwa kulikwepa. Jibu langu ni kwamba akiba isiyojulikana si ya kutegemewa, kwa sababu hupotea bila taarifa. Magari mengi madogo hapa yanainuliwa na kufungwa matairi makubwa ili yavuke mashimo na maji ya mvua. Ukiondoa tairi la 175/65R14 ukaweka la 185/65R15, kipenyo kinatoka milimita 583 hadi 622, ongezeko la asilimia kama 6.7. Spidomita na kompyuta ya injini hazijui kitu. Zinaendelea kuhesabu mizunguko kama zamani. Kila zinaposema 80, gari linakwenda zaidi ya asilimia sita juu ya lilivyokuwa likienda awali kwenye 80 hiyohiyo, na spidomita iliyokuwa na akiba ndogo tangu kiwandani sasa inasema pungufu ya kweli, jambo ambalo kanuni namba 39 ilitungwa kulizuia. Kati ya akiba ambayo hujui kama bado ipo na namba ya kweli ambayo unajua lazima uiwekee akiba mwenyewe, nachagua ya pili. Kwenye kibao cha 50, namba ya GPS iliyo chini ya 50 inatosha. Isigusane na 50.

Kuna sababu nyingine, ya kifundi zaidi, inayonifanya niwashauri wenye magari ya zamani wachukue cha GPS. Tundu la pini 16 halihakikishi mazungumzo. Marekani ililazimisha mfumo huo, pamoja na lugha yake, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Japani ilikwenda kwa mwendo wake, na magari yake mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani yana tundu lenye umbo lilelile lakini kompyuta inajibu kwa lugha ya kampuni. Mteja anachomeka, kifaa kinawaka kwa sababu umeme wa betri upo kwenye pini ya 16, kisha mwendo unabaki sifuri. Fundi anaambiwa kifaa ni kibovu, muuzaji anasema gari ndilo bovu, na wote wawili wamekosea. Kumbuka pia kwamba pini hiyo ya 16 ina umeme hata gari likizimwa. Kifaa kizuri hujilaza chenyewe. Kibaya hunyonya betri polepole, na mwenye gari aliyesafiri wiki mbili anarudi kukuta haliwaki. Cha GPS huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambalo kwenye Toyota nyingi huzimika na ufunguo. Waya upitishwe kwenye ukingo wa dashibodi, na kifaa kisikae juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, maana mfuko huo ukilipuka utakirusha usoni mwa mtu. Gundi ya karatasi ya pande mbili haistahimili jua la Dar es Salaam likichoma kioo saa nane mchana. Mkeka wa mpira unaoshika ndio wa kutafutwa.

Pingamizi la wataalamu ni kwamba namba kiooni inaiba akili hata kama haiibi macho. Ni la kweli na lina historia. Mwaka 1980 watafiti wa kituo cha Ames cha NASA, huko California, waliwaweka marubani kwenye mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, wakitua huku wakisoma taarifa kwenye kioo cha mbele yao, kisha wakaisogeza ndege nyingine kwenye njia ya kutua. Baadhi ya marubani, watu wenye uzoefu mkubwa, hawakuiona. Macho yao yalikuwa yameelekea hukohuko. Akili ilikuwa imeshikwa na namba. Aliyefunga kifaa chenye mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, volti za betri, dira na saa, vyote vikimetameta kwa rangi nne, amejijengea mtego huohuo kwa hela zake. Nakubaliana na pingamizi hili kwa kadiri linavyohusu vifaa vya namna hiyo. Lakini rubani wa jaribio lile alikuwa na kazi ya kuzifuata alama zile kiooni ili aitue ndege. Bila kuzifuata hatui vizuri. Dereva hana cha kufuata. Namba moja, kubwa, isiyocheza, iliyowekwa chini karibu na ukingo wa dashibodi, haimwombi kazi yoyote ila anapokosea. Vifaa vingi vina kitufe cha kuzima taarifa nyingine zote. Kikikosekana, kipande cha utepe mweusi juu ya vitaa kinatosha, na usione haya kukibandika.

Usiku ndipo mtego unapokaza. Nje ya miji yetu barabara nyingi hazina taa, na pembeni kuna watu wanaotembea, baiskeli zisizo na kiakisi, ng'ombe, na lori lililoharibika ambalo ishara yake ya hatari ni matawi ya mti. Jicho lililozoea giza huona mambo hayo kwa mwanga kidogo sana, na namba yenye mwanga mkali mbele yake hulipunguzia uwezo huo. Rangi ya bluu ndiyo mbaya kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo wauzaji wanayoipenda. Chagua kifaa chenye kihisi cha mwanga kinachojipunguza chenyewe, kisha kipunguze zaidi kwa mkono, hadi namba ionekane kwa shida kidogo. Ile nailoni ya kubandika kiooni nayo ina gharama: hutia ukungu kipande cha kioo mbele ya dereva, na hujaa mapovu baada ya miezi michache ya jua. Iwepo nailoni au isiwepo, ukivaa miwani ya jua ya polaroidi namba inafifia au inatoweka, kwa kuwa miwani hiyo imetengenezwa kuzuia mwanga unaoakisiwa namna hiyo. Bila nailoni namba huonekana mara mbili, moja kutoka uso wa ndani wa kioo na nyingine kutoka uso wa nje. Ninavumilia namba mbili za usiku kuliko ukungu wa mchana, lakini hapo kila mtu na macho yake.

Wapo wanaosema, kwa kicheko, kwamba kifaa hiki ni cha kukwepa tochi. Tochi ya trafiki, ile anayoishika mkononi akiwa kwenye kivuli cha mti, husoma mwendo halisi, na kama amesimama pembeni kwa pembe fulani husoma pungufu kidogo, kamwe si zaidi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo namba ya GPS ndiyo iliyo karibu na namba yake, na mwenye kuijua atalipa faini ya shilingi 30,000 mara chache zaidi. Sioni aibu yake iko wapi. Dereva anayekwepa faini kwa kwenda 48 ameyafanya yaleyale ambayo sheria ilitaka. Anayenipa wasiwasi ni yule anayewashiwa taa na madereva wanaokuja mbele, akapunguza mwendo kwa umbali wa kilomita mbili, akapita kwa trafiki akiwa na uso wa malaika, kisha akaingia kijiji kinachofuata na 90. Hisia yake ya mwendo haijarekebishwa na chochote. Amejifunza tu mahali ambapo mti wenye kivuli upo. Kengele ya kifaa, ile inayolia ukizidi mwendo uliouweka, nayo haimsaidii, kwa sababu vibao vyetu hubadilika kila baada ya kilomita chache na kengele haibadiliki. Ataizima kabla hajafika Chalinze.

Pingamizi la mfuko lina haki zaidi. Hela za kifaa zingeweza kununua pedi za breki, au kuchangia tairi. Kwenye gari ambalo pedi zimekwisha, jibu langu ni fupi: nunua pedi. Hesabu ya mita 28 niliyoifanya hapo juu ilidhani breki na matairi ni mazima, na bila hivyo hakuna namba kiooni itakayomwokoa mtu. Lakini gari lililo zima linabaki na dereva ambaye hisia yake inazoea, na hakuna fundi wa kumbadilisha huyo. Ulaya wamelikubali jambo hili kisheria: kuanzia Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya linapaswa kuwa na mfumo unaojua kikomo cha barabara na kumkumbusha dereva anapokipita. Kwetu, ambako gari la umri wa miaka 15 linaitwa jipya kwa kuwa limeteremka bandarini wiki iliyopita, mfumo huo utachukua miaka mingi kufika. Kifaa cha dukani hakijui kikomo, kinajua mwendo tu. Ni nusu ya kazi, na nusu nyingine iko kwenye kibao cha barabarani, kama hakijaibwa kwa ajili ya chuma chakavu.

Limebaki pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili. Kama hisia huzoea mwendo, jicho nalo litaizoea namba. Baada ya miezi kadhaa namba inakuwa sehemu ya kioo, kama stika ya zamani, na ule ugomvi wa 63 dhidi ya 45 hausikiki tena. Ninachokifanya ni kukinyima kifaa nafasi ya kuzoeleka. Kwenye foleni ya Mwenge hakina kazi yoyote, kwa hiyo huwa kimezimwa; mwendo wa 12 hauhitaji shahidi. Kinawashwa mji ukishaisha, barabara inapofunguka, na kinafanya kazi kwenye vijiji na kwenye miteremko kama Kitonga, ambako gari huongeza mwendo lenyewe bila mguu kukanyaga chochote. Kwa sababu hiyohiyo, kifaa kisichokuwa na swichi yake, kinachowaka kila ufunguo unapozungushwa, sikipendekezi kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za nyumbani kwenda kazini, hata kikiuzwa nusu bei.